Betri Isiyopimwa Isiuzwe

Anayekuuzia betri ya gari iliyotumika kisha akakataa isipimwe, anakuibia. Naandika hivyo bila kumung'unya maneno, maana nimechoka kuona watu wenye akili timamu na fedha waliyoitolea jasho wakikabidhiwa boksi la plastiki lenye tindikali chafu na mabamba yaliyooza, wakaambiwa hiyo ni betri, na wakaondoka wakishukuru.

Itazame biashara yenyewe. Nenda popote magari yanapotengenezwa, iwe Gerezani au Tandika jijini Dar es Salaam, iwe Arusha, Mwanza au Mbeya. Utakuta meza chini ya mwavuli na betri zimepangwa kwa ukubwa: NS40 za magari madogo, NS60, N50, N70, mpaka N120 na N200 za malori. Zimeoshwa kwa sabuni. Vichwa vimepigwa msasa vikang'aa. Nyingine zimepuliziwa rangi nyeusi, na pale ulipokuwa muhuri wa tarehe ya kutengenezwa pamekwanguliwa. Muuzaji ana hadithi kwa kila moja: hii imetoka kwenye gari la ajali, ilikuwa na miezi miwili, ile mwenyewe amehama nchi, hii nyingine imekuja na gari kutoka Japani, hujawahi kuona kitu kama hiki. Unaulizwa gari gani, unatajiwa bei, unaambiwa tajiri usiwe na wasiwasi. Betri inafungwa, gari linawaka, fedha inahesabiwa.

Gari linawaka! Hapo ndipo wizi unapojificha, kwa sababu mnunuzi anadhani amekwisha kupima.

Betri ya volti 12 ina seli sita, na kila seli ikiwa nzima na imejaa hutoa volti 2.1 hivi. Ndani ya kila seli kuna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali. Betri inapotoa umeme, mabamba hayo hufunikwa na chumvi nyeupe; inapochajiwa, chumvi ile huyeyuka na kurudi kwenye tindikali. Hayo ndiyo maisha yake ya kila siku. Lakini ikiachwa haina chaji kwa wiki nyingi, kwenye gari lililokufa au kwenye rundo nyuma ya duka, chumvi hiyo hugeuka mawe madogo yasiyoyeyuka tena. Bamba lipo, ila sehemu kubwa ya uso wake haifanyi kazi. Ukiichaji usiku kucha, ile sehemu ndogo iliyobaki hujaa upesi, na mita huonyesha volti 12.8 au hata 13. Inang'ara mezani kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu asubuhi ili atembee mbele ya ndugu zake. Ukiipeleka nyumbani, asubuhi ya pili au ya tatu unasukuma gari.

Muuzaji anayajua hayo kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana betri zake hukesha kwenye chaja na kuchomolewa mteja anapokaribia. Ndiyo maana anaijaribu kwenye gari lake lenye injini ya sentimita za ujazo 1000, ambayo imeshazunguka asubuhi nzima na ina moto, wakati wewe unaitaka kwa Noah au Canter inayolala nje. Injini ndogo yenye moto inawashwa na betri yoyote yenye pumzi mbili.

Kuna jambo baya zaidi, na hili nalilaani kwa sauti: kuongeza tindikali. Betri ikizeeka, tindikali yake huwa hafifu kwa sababu sehemu yake imeganda kwenye mabamba. Mjanja hufungua vifuniko, akamwaga kiasi, akatia tindikali mpya kali. Papo hapo haidromita, chombo cha kupimia ukali wa tindikali, inaonyesha betri imejaa na stata inazunguka kwa nguvu. Kitu alichokifanya ni kuyalisha mabamba yale sumu inayoyatafuna kwa kasi maradufu. Betri ambayo pengine ingemfaa mtu miezi kadhaa kwa kazi nyepesi, sasa itakufa ndani ya wiki chache, na itafia mikononi mwako. Kinachoongezwa kwenye betri yenye vifuniko ni maji yaliyokenekwa, basi. Fundi anayekwambia ameifufua betri kwa tindikali mpya amekiri mwenyewe alichofanya, hata kama hajui.

Usidanganywe pia na lile jicho la kijani juu ya betri kavu. Jicho lile linachungulia seli moja tu kati ya sita. Tano zilizobaki zinaweza kuwa zimeoza na jicho likaendelea kukutazama kijani.

Basi nini kinachotosha? Nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu wauzaji wanategemea mnunuzi aone mambo haya ni ya wahandisi. Si ya wahandisi. Mtu yeyote anayeweza kusoma bei kwenye pampu ya mafuta anaweza kupima betri.

Macho kwanza. Boksi lililovimba tumboni limepata joto kali au limechajiwa kupita kiasi. Liache hapo lilipo. Lenye ufa liache. Lenye kichwa kinachocheza ukikigusa, liache. Tafuta tarehe, na kama imekwanguliwa, umeshajibiwa. Joto huharakisha kuoza kwa mabamba, kwa hiyo betri iliyoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huchoka mapema kuliko mwenzake wa umri ule ule aliyeishi Njombe. Umri si namba ya mapambo. Betri ikiwa ya maji, fungua vifuniko vyote sita, si kimoja anachokufungulia yeye. Maji yawe yamefunika mabamba na yawe meupe. Yakiwa ya kahawia au meusi kama maji ya mtaro, mabamba yanamomonyoka. Ukisikia harufu ya yai viza, ondoka. Na wakati unachungulia, sigara isiwe karibu na chuma kisigongane na chuma: betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, na tindikali ikiruka machoni hakuna garantii ya wiki mbili itakayokurudishia.

Kisha mita. Mita ndogo ya kidijitali inauzwa kila duka la vifaa vya umeme, na bei yake ni kipande kidogo cha bei ya betri. Ila usipime betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi, utakuwa unapima udanganyifu. Ilale usiku mzima ikiwezekana. Kama haiwezekani, ifungwe kwenye gari, taa kubwa ziwashwe dakika mbili tatu injini ikiwa imezimwa, zizimwe, mngoje dakika chache, ndipo upime. Volti 12.6 na zaidi, imejaa. Volti 12.4, imebaki na robo tatu. Volti 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Ukikuta 10.5 baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa, na hakuna chaja wala dua itakayoirudisha. Kwa betri ya maji tumia haidromita, ukipima seli moja moja: iliyojaa husoma karibu 1.265. Cha kutazama hasa ni tofauti kati ya seli na seli. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri nzima imekwisha, hata kama tano zilizobaki ni nzuri, kwa kuwa umeme wote hupita humo humo.

Hata hivyo volti peke yake haitoshi, narudia, haitoshi. Betri hupimwa ikiwa kazini. Ng'oa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, weka mita kwenye vichwa vya betri yenyewe, halafu mwenzio apige stata sekunde 10 hivi. Namba isishuke chini ya volti 9.6. Kipimo cha karakana ni hicho hicho kwa utaratibu zaidi: betri inabebeshwa mzigo wa nusu ya ampea za kuwashia zilizoandikwa kwenye lebo yake, kwa sekunde 15, na haitakiwi kuanguka chini ya 9.6 kwenye joto la nyuzi 21. Hapa kwetu Pwani joto linazidi hapo karibu mwaka mzima, na joto huirahisishia betri kazi ya kuwasha, kwa hiyo inayoshindwa mtihani huo Dar es Salaam haina kisingizio cha baridi. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya kielektroniki vinavyobanwa kwenye vichwa na kutoa jibu ndani ya nusu dakika bila kuwasha chochote. Duka linalouza betri kila siku halina kipimo hicho kwa sababu gani? Muuzaji aliyeweza kununua chaja ya kuamsha maiti ameshindwaje kununua kipimo cha kutambua uhai?

Mtihani wanaouchukia kuliko yote ni wa kusubiri. Mwambie muuzaji: nimeiona, nimeipenda, ichomoe kwenye chaja sasa hivi, nitakuja kesho kuipima, nikiikuta na volti 12.5 na inabeba mzigo nakulipa bei yako bila kupunguza. Betri nzima hulala na umeme wake na kuamka nao. Utaona atakavyokasirika. Atakwambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Mwache huyo mteja aje.

Kuna mnunuzi mmoja ambaye ndiye aliyenisukuma kuandika, na huyo hana hata gari. Ni mwananchi wa kijijini mwenye paneli ndogo ya sola juu ya bati. Anataka taa tatu, redio, kuchaji simu, pengine televisheni ndogo ya kuonyeshea mpira. Betri ya sola mpya ni ghali, kwa hiyo anapanda basi hadi mjini, anauziwa N70 iliyotoka kwenye gari, anairudisha kwenye buti kilomita mia kadhaa. Kwake yeye hata ule mtihani wa stata hausemi kitu cha maana. Betri ya gari imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe na alternata; mabamba yake ni mengi na membamba. Kuikamua polepole usiku kucha hadi ikauke ndiyo njia ya haraka ya kuiua, na hapo tunazungumzia iliyo mpya. Iliyochoka inaweza kuwasha injini vizuri kabisa mbele ya macho yake, na ikazimika saa mbili baada ya magharibi.

Huyu anatakiwa kupimiwa ujazo. Kifaa chake ni balbu mbili za taa ya breki, zile za wati 21. Kwa pamoja zinakula ampea tatu na nusu. Betri ya ampea-saa 70 iliyo mpya imekadiriwa kubeba mzigo huo saa 20. Ichajiwe ijae, ilale, kisha iwashiwe balbu hizo saa 5, izimwe, ipumzike, ipimwe. Betri nzima itakuwa imetumia robo tu na itasoma karibu 12.4. Ikisoma chini ya 12, ujue zaidi ya nusu ya ile 70 imeshapotea, na bei iwe hivyo hivyo au pasiwe na biashara. Saa 5! Muuzaji ana saa ngapi za kukaa hapo kibarazani kila siku? Mtu amesafiri usiku kucha kuja kununua, na yeye anashindwa kuwasha balbu mbili asubuhi apate kumwambia ukweli mchana.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza litatoka kwa wauzaji wa betri mpya: rahisi huvunja upishi, mtu anunue mpya. Hilo ni tusi kwa maskini. Dereva wa teksi anayetakiwa kupeleka hesabu jioni hana uhuru wa kuchagua kati ya mpya na iliyotumika. Ana uhuru wa kuchagua kati ya iliyotumika na kulaza gari. Haki yake ni kupata iliyotumika ambayo ni nzima, na zipo. Betri ya miaka miwili iliyotunzwa inaweza kufanya kazi ya heshima. Anayeziharibia jina ni yule anayezichanganya na maiti kwenye meza moja kwa bei moja.

Jibu la pili litatoka kwa wauzaji wenyewe: na sisi tunanunua bila kujua. Nalikataa. Huwezi kuosha, kupaka rangi na kukwangua tarehe bila kujua. Mikono hiyo ilijua.

La tatu ni la wanunuzi, nalo ndilo linaloniuma: ndiyo biashara ilivyo, kuwa macho tu. Hapana. Mchinjaji wa buchani hatuambiwi tuwe macho naye. Mizani yake inakaguliwa na kuwekwa stika na Wakala wa Vipimo. Pampu ya mafuta inakaguliwa. Dira ya maji inakaguliwa. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa kulinda afya zetu. Lakini kitu hiki chenye tindikali, chenye sumu, kinachouzwa kwa namba za ampea na volti ambazo zinapimika kabisa, kimeachwa kiuzwe kwa maneno ya mdomo na kofi la mgongoni.

Na sheria zipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imeweka wazi kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye hiyo ndiyo biashara yake, bidhaa hiyo lazima ifae kwa kazi ile. Ukisema "nataka ya kuwashia Canter" au "nataka ya sola," umeshamfunga. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani iliundwa kuisimamia. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana karatasi. Hapewi risiti, au anapewa iliyoandikwa "betri 1." Mbele ya nani atathibitisha nini?

Ninachodai ni kidogo mno kiasi cha kuona aibu kwamba kinahitaji kudaiwa. Kila anayeuza betri zilizotumika awe na kipimo cha mzigo mezani. Kila risiti iandikwe namba ya betri, tarehe ya kutengenezwa, volti ilizosoma ikiwa imetulia na volti ilizosoma chini ya mzigo. Iliyoshindwa isirudi mezani. Itobolewe lebo, iende kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko fedha ya mtu mmoja. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Betri iliyokufa ikiuzwa kwa ulaghai kijijini, itakufa tena huko, mbali na mkusanyaji yeyote. Tindikali itamwagwa nyuma ya nyumba, mabamba yatayeyushwa kwenye sufuria, watoto watacheza kwenye udongo ule. Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 katika mtaa uliokuwa ukichakura risasi ya betri za magari mchangani. Karibu yetu zaidi, Owino Uhuru huko Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014 ukutani mwa makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mwanawe mchanga ana risasi katika damu, akaanza kupiga kelele, akakamatwa, hakunyamaza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairejesha. Tangu kiwanda kufunguliwa hadi uamuzi huo ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa siku kiwanda kinaanza alikuwa anakaribia kuwa mtu mzima.

Kwa hiyo ndugu yangu muuzaji mwaminifu, na najua upo, nunua kipimo na ukiweke mbele, si chini ya meza. Mteja akifika, mpimie kabla hajaomba. Utauza kuliko jirani yako ndani ya mwezi, na jirani atalazimika kukufuata.

Wakala wa Vipimo na Tume ya Ushindani: hamhitaji sheria mpya wala semina. Tumeni maofisa wawili na kipimo kimoja cha mzigo kwenye meza hizo asubuhi moja, betri zikiwa zimelala usiku nje ya chaja, mpime mbele ya wanunuzi.

Na wewe unayekwenda kununua Jumamosi hii, beba mita yako. Akikwambia haina haja ya kupima, rudisha fedha mfukoni uondoke.